Mirindi Aandika kwa Jina la Mama Namegabe

Asubuhi, katika mtaa mmoja juu ya Ndosho, mjini Goma, watu huamshwa na sauti ya bidoni, madumu ya maji. Bidoni tupu hugongana migongoni mwa akina mama. Hugongana kwenye chukudu, baiskeli za mbao za vijana. Kila mtu anatafuta maji.

Nabintu alikuwa mmoja wao. Alifunga bidoni yake ya njano kwa mkanda wa kitenge, akapitisha mkanda kwenye paji la uso. Akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa:

"Papa Élodie, naenda. Chai iko kwenye termosi, mukono wa kuume. Usiinuke mupaka nirudie."

"Nimesikia, Mama Élodie," Mirindi akajibu.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Uso wake aliuelekeza barabarani, lakini hakuona barabara. Mirindi alikuwa amepoteza macho. Ugonjwa wa presha ya ndani ya macho ulimjia polepole, bila maumivu. Ulianza kula pembeni, ukaenda ukila hadi katikati. Daktari aliwaambia, "Mungekuja mapema, tungeokoa kitu." Wao walidhani ni uchovu wa kusoma karatasi.

Kabla ya hapo Mirindi alikuwa sekretere wa Komite ya Maji ya mtaa wao. Yeye ndiye aliyeandika barua zote. Alijua kila bomba na kila robine ya kuchotea maji. Sasa ordinatere ya komite, kompyuta ile ya barua, ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa. Hakuna aliyeigusa.

Nabintu alifika kwenye robine ya mtaa. Ilikuwa kavu. Alijua ni kavu, lakini alipita tu, kama mtu anayepita kumsalimu mgonjwa. Pompi inayosukuma maji hadi kwenye tangi la juu ilikuwa imekufa. Basi akateremka na wenzake hadi ziwani. Njia ni ndefu, na mawe ya volkano yanauma miguu hata kupitia viatu.

Njiani alimkuta jirani yake, Mama Uwimbabazi. Hakuwa na bidoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mutoto wangu bamemulaza kwenye kituo cha kolera," akasema. "Alikunywa maji ya ziwa kabla sijatia dawa. Nilizunguka tu kidogo, akakunywa."

Nabintu alimshika mkono.

*

Rais wa Komite ya Maji alikuwa Mama Namegabe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Jioni ile alifika kwa Nabintu na Mirindi. Aliketi, akashusha pumzi.

"Mirindi, ndugu yangu, nimechoka," akasema. "Bafadhili bamekubali kutununulia pompi mupya. Muchuuzi wa pompi iko Kampala, banamuita Twagirimana. Lakini yeye anataka kila kitu kwa imeli. Na mimi imeli inanishinda."

"Ulikuwa unaenda kuandikisha kwenye nyumba ya intaneti," Mirindi akasema.

"Nilikuwa naenda. Nilimupa yule mutu wa pale mot de passe yangu, neno langu ya siri, aandike kwa jina langu. Na sikia vile ilitokea. Mutu fulani akaingia ndani ya imeli yangu, akaandikia batu maneno ya uongo. Kwa jina langu, Mirindi! Bafadhili bakanipigia simu: Mama, ni wewe kweli uliandika hivi? Haya ilinikamata mupaka chini."

Nabintu alikuwa akimenya viazi. Alisikiliza kwa makini. Yeye alikuwa amesoma shule ya msingi tu, tena si yote. Hakujua kwamba mtu anaweza kuibiwa jina.

"Kama ungekuwa na macho yako," Mama Namegabe akamwambia Mirindi, "haya yote hayangefika."

Nabintu aliona taya la mumewe likikazana. Akatamani mgeni aondoke.

Lakini Mama Namegabe hakuwa mtu mbaya. Alijisikia vibaya, akaongeza haraka:

"Kuko dada moja hapa nyuma ya parokia. Jina yake Aksanti. Hajaona tangu kuzaliwa. Anapokea simu kwenye kliniki, na banasema anatumika na ordinatere siku muzima. Mimi sijaona kwa macho yangu. Lakini kesho nitamuita."

Nabintu alicheka kidogo, kwa huzuni. Alidhani ni maneno ya kufariji.

*

Aksanti alikuja Jumamosi. Nabintu alimwona kwa mbali, akipanda njia ya mawe peke yake. Fimbo nyeupe ilitangulia ikigonga kushoto, kulia, kushoto. Alipofika mbele ya mlango alisimama.

"Hapa kunanuka viazi na sabuni," akasema. "Ni kwa Mama Élodie?"

"Ni hapa, dada. Karibu!" Nabintu akamkimbilia ili amshike mkono.

Aksanti alitabasamu. "Nashukuru, mama. Lakini usinivute. Acha mimi nishike kiwiko chako. Hivi. Wewe unatembea, mimi nakufuata."

Nabintu alishangaa. Mwaka mzima alikuwa akimvuta Mirindi kwa mkono kama mbuzi wa soko. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna namna nyingine.

Ordinatere ilitolewa kabatini. Aksanti alichomeka flashi ndogo ya kuhifadhia kazi, akabonyeza vitu kadhaa.

"Naweka programu ya kusoma," akasema. "Kazi yake ni moja. Kila kitu kinachoandikwa kwenye kioo, yeye anakisoma kwa sauti. Hainunuliwi. Ni ya bure. Nabii wa vipofu, sisi tunaita hivyo kwa kucheka."

Mara mashine ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya haraka, ya Kifaransa. Nabintu aliruka nyuma. Mirindi aliinua kichwa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni ordinatere yako, Papa Élodie. Inakusalimu."

Aksanti aliweka vidole juu ya vitufe. Vidole vilikimbia kama mvua juu ya mabati. Sauti ilitoa kila neno alilogusa. Alifungua, akafunga, akashuka, akapanda. Hakugusa kipanya hata mara moja. Kisha akafanya jambo lililomfanya Nabintu ashike kinywa. Alibonyeza kitufe, na kioo chote kikawa cheusi tii.

"Umeizima?" Nabintu akauliza.

"Hapana. Nimezima mwangaza tu. Ya nini kuwasha taa kwa mutu asiyeihitaji? Betri inadumu zaidi. Na hapa Goma, courant ya umeme munaijua."

Aksanti aliendelea kuandika. Mbele yake palikuwa na giza tupu. Lakini ndani ya giza lile sauti ilikuwa ikisoma sentensi nzima, safi, na nukta yake mwishoni. Nabintu alitazama kioo cheusi, akatazama vidole. Mwili ulimsisimka. Aliwahi kuona mlima wa volkano ukitapika moto usiku, mbingu yote nyekundu. Siku ile aliogopa. Leo alihisi kitu kilekile, lakini bila woga.

"Ewe Mungu," akanong'ona.

Mirindi alikuwa akilia. Hakujificha.

"Nionyeshe," akasema. "Nionyeshe sasa hivi."

Aksanti alimshika vidole, akaviweka juu ya vitufe. "Tafuta herufi F na J. Kila moja iko na kamstari kadogo, kama kovu. Umesikia?"

"Nimesikia! Miaka yote ile niliandika hapa, sikujua kuko kovu."

"Ulikuwa na macho. Macho yanafanya vidole kuwa vivivu. Sasa weka kidole kimoja hapa, kingine pale. Hiyo ndiyo nyumba yako. Ukipotea, rudia nyumbani."

Mirindi aliandika neno la kwanza: *maji*. Mashine ikalisoma kwa Kifaransa. Ilisema "mazhi", kama padri mzungu aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege. Wote watatu waliangua kicheko. Nabintu hakukumbuka mara ya mwisho mumewe kucheka hivyo.

"Ataizoea lugha yetu?" Mirindi akauliza, akipangusa macho.

"Kuko sauti ya Kiswahili pia, nitakuwekea. Lakini wengi tunabaki na huyu. Tumemuzoea. Ni kama mugeni aliyekaa sana nyumbani."

*

Mirindi alijifunza kila siku. Aksanti alikuja alipotoka kazini. Siku nyingine Mirindi alikasirika, akapiga meza, kwa sababu sauti ilikwenda mbio na yeye akapotea katikati ya kioo. Siku nyingine alijifunza kitu kimoja tu, lakini akakishika. Nabintu alijifunza pia. Alijifunza kutojibu kabla ya kuulizwa. Alijifunza kuacha kikombe pale pale kila siku, ili mumewe akipate mwenyewe.

Mama Namegabe alipoona maendeleo hayo, alitoa kipande cha karatasi kwenye sidiria.

"Haya, Mirindi. Mot de passe yangu mupya hii hapa. Sasa wewe utaniandikia."

Aksanti aliinua mkono. "Mama rais, rudisha hiyo karatasi pale ilipotoka."

"Juu ya nini? Mirindi ni mutu wa kuaminika."

"Ni wa kuaminika kabisa. Lakini mot de passe ni kama ufunguo wa nyumba yote. Anayekuwa nao anaweza kubadilisha kufuli, wewe ukabaki inje. Na kesho kitu kibaya kikitokea, mutajuaje ni nani alikiandika? Mutaanza kutazamana vibaya, na nyinyi ni ndugu."

Mama Namegabe alifikiri. "Basi ataandikaje kwa jina langu?"

"Kuna njia. Unamutuma kwa ruhusa. Ni kama procuration, karatasi ya kumupa mutu uwezo wa kutenda kwa jina lako. Wewe mwenyewe unaingia kwenye imeli yako, unaandika jina la Papa Élodie kama mujumbe wako. Yeye anaingia kwa mot de passe yake mwenyewe, si yako. Anasoma barua zako, anajibu kwa jina lako. Na yule anayepokea anaona kwamba barua ni ya Mama Namegabe, imetumwa na Mirindi. Hakuna uongo. Ukitaka kumuondoa, unamuondoa siku hiyohiyo."

"Hata mimi nikiwa na hasira?"

"Hata ukiwa na hasira, mama."

Walicheka. Mama Namegabe akaketi mbele ya ordinatere. Aksanti alisahau kuzima sauti, au labda aliiacha makusudi. Mama Namegabe alipobonyeza herufi za siri, mashine haikuzitaja. Ilisema tu: "Nyota. Nyota. Nyota."

Nabintu alisogea karibu. "Inasema nyota?"

"Kwa kila herufi ya siri, kwenye kioo kunatokea nyota," Aksanti akaeleza. "Hata yeye anayesoma kila kitu, siri ya mutu haisomi."

Nabintu alitikisa kichwa polepole. Mashine yenye adabu! Alijua watu wengi wasiokuwa na adabu hiyo.

Walifuata hatua hadi mwisho. Mirindi alipata ujumbe wa kuulizwa kama anakubali kuwa mjumbe. Akakubali. Kesho yake sanduku la barua la Mama Namegabe lilitokea pembeni ya sanduku lake mwenyewe. Sauti ililitaja: "Namegabe. Mjumbe."

"Kanuni ni kidogo tu, Papa Élodie," Aksanti akamwambia. "Kabla ya kutuma, sikiliza barua inatoka kwa nani. Sikiliza inaenda kwa nani, herufi kwa herufi. Halafu soma barua yote tangu mwanzo. Na kubwa kuliko zote: usiseme kitu ambacho mwenyewe hajakutuma kusema."

*

Wiki ile Mama Namegabe alilazimika kwenda Bukavu kumzika shangazi yake. Angepanda boti, na katikati ya ziwa simu hazishiki. Asubuhi, kabla ya kwenda bandarini, alipita kwao.

"Twagirimana akiandika," akasema, "mujibu kwamba tunachukua pompi ile kubwa. Fundi amesema ile ndogo haitafikisha maji kwenye tangi. Ile kubwa tu. Umenisikia?"

"Pompi kubwa," Mirindi akasema. "Na akiuliza mengine?"

"Mengine anisubiri."

Akaenda. Boti ikaondoka.

Jua lilikuwa limepanda wakati Mirindi alipofungua sanduku la barua. Nabintu alikuwa akichambua dagaa mlangoni. Alisikia sauti ikisoma kwa haraka, kisha mumewe akaita:

"Mama Élodie! Kuja!"

Barua ilikuwa ya Twagirimana. Alisema lori lake linaondoka Kampala saa sita mchana, saa za Goma. Kama hapati neno la rais wa komite kabla ya hapo, pompi itabaki, na lori lingine hajui litakuja lini. Tena akauliza jambo la pili: je, komite inakubali kumpa yeye peke yake kazi yote ya kutengeneza mabomba ya mtaa? Kama inakubali, aandikiwe sasa hivi.

"Tunamupigia Mama Namegabe," Nabintu akasema.

Walipiga. Simu haikushika. Walipiga tena. Hakuna.

"Basi jibu ndiyo kwa yote mbili!" Nabintu akasema. "Papa Élodie, mutoto wa Uwimbabazi aliponea kidogo tu kwenye kolera. Mwingine ataingia kesho. Jibu ndiyo, maji ije!"

Mirindi aligeuza uso kwake. Alisema kwa upole:

"Mukono ni wangu, lakini mudomo ni wa Mama Namegabe. Pompi kubwa, amenituma. Hiyo ingine, hajanituma. Nikisema ndiyo kwa jina lake, nitakuwa sawa na yule aliyemuibia jina."

Nabintu alitaka kubisha. Lakini aliona ni kweli.

Wakati huohuo umeme ukakatika. Mashine ikatangaza kwamba betri ni ndogo. Mtandao pia ukapotea. Mirindi hakushtuka. Alibonyeza kitufe, na kioo kikawa cheusi.

"Shika simu yako," akamwambia mkewe. "Fungua mtandao wa kugawana na ordinatere, vile Aksanti alikuonyesha. Halafu panda kwenye mawe pale inje, mupaka simu ishike reso."

Nabintu alitoka mbio. Alipanda rundo la mawe meusi kando ya ukuta, akainua simu juu. Kutoka pale, kupitia dirisha, alimwona mumewe. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Mbele yake kioo kilikuwa cheusi kama lile jiwe alilosimama juu yake. Vidole vyake vilikuwa vikitembea. Na sauti ile ya kigeni ilikuwa ikisoma nyuma ya vidole, neno kwa neno. Watu waliopita njiani walisimama.

"Ni nani anaongea humo?" mzee mmoja akauliza.

"Ni barua, muzee," Nabintu akajibu. "Barua inajisoma."

"Na anayeandika si Mirindi? Mirindi asiyeona?"

"Ni yeye."

Mzee alivua kofia. Alibaki ameishika kifuani.

Ndani, Mirindi alimaliza kuandika. Alirudi juu ya barua kusikiliza, kama alivyofundishwa. Sauti ikasema barua inatoka kwa: "Mirindi." Akasimamisha vidole. Mtandao uliporudi alikuwa amefungua sanduku lake mwenyewe, si la Mama Namegabe! Twagirimana asingeikubali. Alikuwa amesema wazi anataka neno la rais.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti.

"Nini?" Nabintu akapiga kelele kutoka juu ya mawe.

"Usiteremuke! Kaa palepale!"

Aliyanakili maneno yake yote. Akafunga barua. Akatafuta jina la sanduku lingine, akishuka polepole, akisikiliza kila kitu kinachotajwa. Alipotea mara moja. Akarudisha vidole kwenye yale makovu ya F na J, akavuta pumzi, akaanza upya. "Namegabe. Mjumbe." Akaingia. Akafungua barua ya Twagirimana, akabonyeza kujibu, akabandika maneno. Akasikiliza tena.

Inatoka kwa: Namegabe. Inaenda kwa: Twagirimana. Akasikiliza anwani herufi moja moja. Halafu sauti ikasoma barua yote, na dirisha likapeleka maneno hadi barabarani:

"Bwana Twagirimana, salamu. Tunachukua pompi kubwa. Tafadhali ipakie leo. Kuhusu kazi ya mabomba, Mama Namegabe yuko safarini na atakujibu mwenyewe. Kwa niaba ya Mama Namegabe, rais wa Komite ya Maji: Mirindi, sekretere."

Mirindi akabonyeza. Nabintu alihisi mkono wake ukiuma kwa kushikilia simu juu, lakini hakuushusha.

"Imetumwa," sauti ikasema.

Wale waliosimama njiani walipiga makofi, ingawa wengine hawakujua wanashangilia nini. Nabintu aliiegemeza simu juu ya ukuta ili iendelee kushika reso, akateremka kwenye mawe. Walisubiri wote wawili mbele ya mashine nyeusi. Kengele ya parokia ya saa sita ilikuwa haijapigwa wakati jibu lilipofika. Lilikuwa fupi.

"Imepokelewa, Mama Namegabe na Papa Mirindi. Pompi iko ndani ya lori. Habari ya mabomba, nitamungoja mama."

Nabintu alishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakikumbatia. Mikono yake ilinuka dagaa. Mirindi hakulalamika.

*

Mama Namegabe alipofika Bukavu na kuwasha simu, alipata habari zote. Alipiga simu akipiga kelele hata Nabintu alisikia akiwa jikoni. Kuhusu mabomba alisema hapana kabisa: mtaa ulikuwa na mafundi wake, vijana wa palepale, na kazi ile ilikuwa chakula chao.

"Ungekubali kwa jina langu, ningerudia kukuta bafundi bameketi kwenye mulango wangu!" akasema. "Wewe ni sekretere, Mirindi. Kitambaa kisifunike tena ile ordinatere."

Pompi ilifika. Mafundi waliifunga. Siku maji yalipopanda kwenye tangi, robine ilikohoa kwanza, ikatema hewa na kutu, kisha ikamwaga maji meupe yenye povu. Akina mama walipiga vigelegele. Mama Uwimbabazi alimbeba mwanawe mgongoni, akamnawisha uso palepale. Hakuna aliyeteremka ziwani siku ile.

Komite iliamua kwamba tangu sasa hakuna kiongozi atakayempa mtu neno lake la siri. Anayetaka kuandikiwa, atamweka mjumbe kwa ruhusa. Aksanti alipewa chumba kidogo cha parokia siku za Jumamosi. Wasioona wa mitaa ya jirani walianza kuja, na wanaoona pia, kutazama tu kwanza, kisha kujifunza.

Jumapili moja baada ya misa, Nabintu aliketi karibu na mumewe. Alikuwa na dada yake mkubwa, masera, yaani mtawa, anayeishi kwenye konvati ya mbali sana, Ulaya. Masera huyo hana simu yake. Watawa wa kule wana ordinatere moja tu, na imeli moja kwa wote. Nabintu hakuwahi kumwandikia. Mwandiko wake mwenyewe ulimtia haya.

"Papa Élodie," akasema. "Unaweza kuniandikia mimi pia?"

"Naweza. Niandike niseme nini?"

"Sijue. Wewe ni sekretere. Wewe andika."

"Hapana," Mirindi akasema. "Wewe sema. Mimi nitaandika vile unasema."

Nabintu alisogeza kiti chake karibu na mashine. Kisha akaanza. Alimwambia dada yake kwamba mama yao alimtaja kabla ya kufa. Alimwambia habari ya macho ya Mirindi, na habari ya maji. Alimwambia kwamba yeye, Nabintu, mdogo wa mwisho aliyeacha shule, alisimama juu ya mawe akiwa ameshika barua hewani, na barua ikafika Kampala. Alisema maneno mengi. Vidole vya Mirindi vilimfuata bila kumkatisha.

Alipomaliza, Mirindi akabonyeza kitufe. Ile sauti ya kigeni ikaanza kusoma maneno ya Nabintu, yote, kwa mpangilio wake, pamoja na pale aliposita. Haikuongeza neno, haikupunguza neno. Nabintu alisikiliza ameinamisha kichwa, viganja vyake vimeshikana mapajani. Hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na barua nzuri namna ile.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi kabisa."

"Nitume?" Mirindi akauliza.

Nabintu alipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Tuma."